Gari dogo la kwanza kwa mkazi wa Mbeya, Iringa na Njombe: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi ni mwalimu wa fizikia, si fundi. Nilinunua gari langu la kwanza kwa pupa, nikalipia ujinga huo miezi minane mfululizo. Tangu hapo kila mtumishi mwenzangu anayepata mkopo wa SACCOS au kuuza parachichi zake hunipigia simu kabla ya kwenda yadi. Wengine, kwa bahati mbaya, hunipigia baada ya kwenda. Maswali yanajirudia, nimeamua kuyajibu mara moja. Hapa nazungumzia vigari vidogo tu, vile wanavyoviita beibi woka: Vitz, Passo, IST na ndugu zao.

Mwalimu, hela ninayo. Nianzie wapi?

Anzia njiani. Kabla hujafungua simu kutazama picha za magari, andika unapita wapi kila wiki. Mtu anayetoka Forest kwenda ofisini Soweto na kurudi hahitaji gari sawa na mwalimu anayeishi Uyole na kufundisha juu huko Isyonje, wala sawa na mfanyabiashara wa Mafinga ambaye kila Jumamosi anaingia barabara za udongo kufuata mbao. Ile njia mbaya kuliko zote unayopita angalau mara mbili kwa mwezi, hiyo ndiyo ikuchagulie gari.

Nimesema mara mbili kwa mwezi kwa makusudi. Watu hununua gari kubwa kwa sababu ya kijijini kwao Makete au Ileje, mahali wanapokwenda Krismasi na kwenye misiba. Kwa safari hizo panda basi, au kodi Noah mkiwa watano. Itakugharimu kidogo kuliko kulisha injini kubwa mwaka mzima.

Injini ya cc 1,000 inaweza milima yetu?

Inaweza, ila ujue unanunua nini. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa mjini iko chini kidogo ya hapo, Njombe iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada) hula hewa inayoikuta, basi nguvu zake nazo hupungua kwa kiasi kama hicho. Ndiyo sababu maharage yako huchelewa kuiva huku: maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100.

Sasa piga hesabu. Injini ya cc 996 iliyomo kwenye Passo na Vitz nyingi kiwandani inatajwa kuwa na nguvu za farasi 71. Hapa Mbeya zinabaki kama 60. Mpakie mama, watoto watatu, gunia la viazi na ndoo mbili za maziwa, kisha uanze kupanda Mlima Nyoka nyuma ya lori la Zambia. Utapanda, lakini kuovateki sahau. Gia itashuka, injini italia, na lori likisimama nawe utasimama.

IST ya cc 1,300 ina farasi 87, huku zinabaki kama 74. Ile ya cc 1,500 ina 109, zinabaki zaidi ya 90. Farasi hao thelathini wa ziada kuliko wa cc 1,000 hutawaona ukiwa Mwanjelwa kwenye foleni. Utawaona ukiwa unatoka Tukuyu jioni na gari limejaa ndizi.

Ushauri wangu: kama maisha yako yote yako mjini na mara nyingi mko wawili ndani ya gari, cc 1,000 inatosha kabisa. Kama unapanda Uyole kwenda Tukuyu au unapita njia ya Chunya kila wiki, tafuta cc 1,300 au 1,500 na usimsikilize mtu.

Kati ya Vitz, Passo na IST, nichukue ipi?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike yote haya.

IST ya kwanza, ile iliyotoka mwaka 2002 hadi 2007, ndiyo ninayowaelekeza wengi. Ina giaboksi ya kawaida ya gia nne, mafundi wote wanaijua, na injini zake zote mbili zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, hivyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Kiti cha nyuma kinasogea mbele na nyuma, jambo dogo ambalo utalishukuru siku ya kubeba godoro. Ubaya wake ni umri. Hata ile ya mwisho kabisa imeshazeeka, na nyingi zimepita mikononi mwa watu wanne au watano. Kuna IST zilizokuwa teksi na kupakwa rangi upya. Chunguza viti na usukani: rangi inaweza kudanganya, ngozi ya usukani iliyolambwa na viganja haidanganyi.

IST ya pili, iliyoanza mwaka 2007, ni nzuri zaidi kwa sura lakini nyingi zina giaboksi ya CVT, ile inayobadilika taratibu bila gia za hatua kwa hatua. CVT si mbaya. Mbaya ni fundi anayeimiminia oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Ukinunua gari la CVT, oili yake inunue mwenyewe, soma jina lake kwenye chupa, na usimame pale ikimiminwa.

Passo ni gari la mtu mwenye subira. Limebuniwa pamoja na Daihatsu, ni jepesi, linageuka kwenye kichochoro cha Kabwe kama pikipiki. Injini yake ya cc 1,000 ina mapistoni matatu, hivyo hutetemeka kidogo likiwa limesimama. Usishtuke. Ila likitetemeka mpaka kioo cha ndani kisisomeke, hapo angalia maunting za injini, yaani raba zinazoishikilia. Ipo pia Passo ya cc 1,300, na kama unaipata iliyotunzwa vizuri, kwa huku kwetu ndiyo Passo ya kununua.

Vitz ya pili, ya 2005 hadi 2010, iko katikati. Bodi yake ni imara na barabarani imetulia kuliko Passo. Ila iko chini. Ukiwa na njia ya mawe kwenda kwako, sampo ya injini, lile bakuli la oili chini yake, itakuwa inasalimiana na mawe.

Kwa hiyo kwa mpangilio wangu: IST ya 1,300 ya gia nne kwa mtu wa milimani, Vitz kwa mtu wa lami, Passo kwa mwenye bajeti iliyobana. Mwenzangu wa stafu anasema ninaipendelea IST kwa sababu ninayo. Ni kweli ninayo.

Honda Fit, Mazda Demio, Suzuki Swift na Nissan March zinauzwa bei ndogo. Mbona huzitaji?

Si mabovu. Swift hasa ni gari tamu kuendesha. Bei yake ni ndogo kwa sababu soko linajua jambo moja: likiharibika uko Vwawa, utasubiri spea. Kwa Toyota, bushi au shokapu utaipata Mwanjelwa leo, na ukikosa, duka la jirani linayo ya used. Kwa hayo mengine mara nyingi fundi atapiga simu Kariakoo, kifurushi kitapanda basi usiku, na wewe kesho utapanda daladala.

Mambo madogo nayo hujumlishwa. Kuna Honda Fit ya cc 1,300 yenye plagi mbili kwa kila pistoni, yaani nane kwa injini moja ndogo. Fundi asiyeijua hubadilisha nne za mbele anazoziona, anakuambia kazi imeisha.

Kama una fundi unayemwamini ambaye naye anaendesha Swift au Demio, nunua. Bila hivyo, gari la kwanza liwe lile ambalo kila gereji imeshalifungua.

Starlet je? Mzee wangu anayo na haijawahi kumsumbua.

Mzee wako anaitunza. Starlet za mwisho zilitengenezwa 1999. Ni nyepesi, rahisi kutengeneza, na nimeziona zikipita palipozuia magari ya maana. Lakini zinatumia mkanda wa taimingi, hazina usalama wa kisasa, na bodi nyingi zimeliwa na kutu chini ya mazulia. Mzee akikurithisha, pokea kwa mikono miwili. Kuinunua kwa mtu usiyemjua mwaka huu, hapana.

Na Aqua? Nasikia inanusa tu mafuta.

Inanusa kweli. Ni haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme, na kwenye mteremko inarudisha umeme kwenye betri. Kitonga ni mteremko mrefu, betri ikijaa katikati ya mlima gari haliwezi tena kujizuia kwa njia hiyo, inabidi uweke lever kwenye B ili injini ishike. Wengi hawajui hata B ni ya nini.

Hofu yangu ni betri kubwa iliyo chini ya kiti cha nyuma. Ina feni yake ya kupoza, na feni hiyo huvuta hewa ndani ya gari kupitia kitundu kilicho pembeni mwa kiti. Vumbi la Chunya au la Usangu likiziba pale, betri inapata joto na kufa mapema. Aqua iwe gari lako la pili.

Niagize Japani au ninunue hapa hapa?

Ukiagiza, unapata gari ambalo halijaonja makorongo yetu, na lina karatasi ya mnada inayoeleza hali yake. Jifunze kuisoma: daraja 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 lina makovu ya kawaida, R maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. R si lazima likimbiwe, ila bei ionyeshe.

Kodi ndiyo inayowatoa watu jasho. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna VAT asilimia 18, na katikati yake kuna ushuru wa bidhaa unaotegemea injini: cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo ni asilimia 10. Injini isiyozidi cc 1,000 imeachwa, na hapo ndipo Passo ndogo inapopata wateja. Juu ya hayo kuna adhabu ya uzee: gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. TRA wana kikokotoo mtandaoni. Weka aina ya gari, mwaka na injini, kinakupa jumla. Kitumie siku ile ile unayotaka kulipa, kwa sababu bajeti ya kila Juni inaweza kugeuza hesabu. Na usibishane nacho kwamba wewe umenunua kwa bei ndogo zaidi, kina thamani zake.

Mambo ambayo muuzaji wa Japani hatakuambia: redio ya gari la kule haishiki stesheni nyingi za kwetu, kwa sababu masafa yao ya FM huanzia 76 na mengi huishia 90 au 95. Kuna kifaa kidogo cha kuongeza masafa, si ghali. Pia angalia tairi. Zikiwa zimeandikwa STUDLESS ubavuni, ni za theluji. Raba yake ni laini, kwenye lami yenye jua la Mikumi zitaisha kama sabuni.

Ukinunua hapa, unaona unachonunua, unakigusa, unakipandisha mlima. Kwa anayenunua kwa mara ya kwanza na hana mtu bandarini wa kumtolea gari, mimi naona bora anunue hapa, kwa mtu anayejulikana, kwa mfano mtumishi anayehamishwa kituo. Matangazo mazuri kuliko yote yako kwenye makundi ya WhatsApp ya kazini na kanisani.

Wauzaji wanasema "ni namba D hii" au "namba E". Ina maana gani?

Ni herufi ya kwanza katika zile tatu za mwisho kwenye kibao. Inaonyesha gari lilisajiliwa Tanzania lini. Mwaka wa kutengenezwa ni habari nyingine kabisa. Kuna IST ya 2003 yenye namba E na kuna IST ya 2006 yenye namba C. Namba E inamaanisha limetembea miaka michache kwenye barabara zetu, na hilo lina thamani, lakini si thamani ya kumwongezea mtu milioni mbili. Soma mwaka kwenye kadi.

Tunduma kuna jamaa ana Vitz kwa nusu bei. Nikaangalie?

Usiende. Magari mengi yanayoshushwa Dar yanavuka tu kwenda Zambia, Malawi na Kongo, haya tunayoyaita ya IT, yaani "in transit", yanayopita tu. Lile linalobaki upande huu bila kulipiwa, au linalorudi na kibao cha jirani, bei yake ni ndogo kwa sababu kodi haipo ndani. Likikamatwa, aliyekuuzia hatakuwepo, na wewe utakuwa unaeleza kwa Kiswahili kizuri huku gari linavutwa.

Nilikagueje kama sina ufundi?

Kwanza nikueleze langu. Mwaka 2014 nilikwenda Dar, nikaingia yadi moja, nikaona Vitz nyeupe inang'aa. Tulizunguka nayo mitaa miwili, tambarare tupu, kiyoyozi kinapuliza barafu. Nikalipa. Ilinipeleka vizuri Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni. Tulipoanza kuipanda Kitonga sindano ya joto ikaanza kupanda nasi. Kona ya tatu mvuke ukatoka. Nikashuka nikitaka kufungua kifuniko cha rejeta, dereva wa lori akanipigia kelele kutoka dirishani: "Mwanangu, utaungua uso!" Akanikalisha chini nusu saa, akanipa dumu la maji. Rejeta ilikuwa imezibwa kwa gundi na kifuniko chake hakikushika tena presha. Huku juu, ambako maji huchemka mapema, kifuniko hicho kinafanya kazi kubwa kuliko pwani.

Kwa hiyo sharti la kwanza: gari likaguliwe likiwa baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta la moto, kuna kitu alikuwa anakificha, mara nyingi ni kuwaka kwa shida au moshi wa asubuhi. Likiwa baridi fungua rejeta. Kulanti, yale maji ya kupozea injini, iwe ya rangi, kijani au nyekundu. Maji ya kutu, au maji yenye utando wa mafuta, unaondoka. Vuta kijiti cha oili, kisha tazama chini ya kifuniko cha oili. Uji mweupe kama wa ulezi uliotiwa maziwa unaweza kuwa gasketi iliyokufa, ingawa asubuhi za baridi za Njombe kiasi kidogo huonekana hata kwenye injini nzima ya gari linalotembea safari fupi tu.

Liwashe. Moshi mweupe wa dakika mbili kwenye baridi ni mvuke wa kawaida. Wa bluu ni oili inaungua.

Sasa lipeleke mlimani. Mbeya tuna bahati, mlima haupo mbali. Lipandishe kuelekea njia ya Chunya au Mlima Nyoka ukiwa na watu watatu ndani. Sikiliza gia zinavyobadilika: ikichelewa kisha ikapiga kama mtu kaligonga nyuma, giaboksi inaumwa. Angalia joto. Magari mengi mapya hayana sindano, yana taa tu ya bluu ikiwa baridi na nyekundu likichemka, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa; hapo kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi na kusoma kwenye simu kinasaidia. Kinakujulisha pia kama makosa yalifutwa jana yake, kwa sababu huonyesha gari limetembea kilomita ngapi tangu yafutwe.

Kilomita kwenye dashibodi zichukulie kama umri wa msichana anayetafuta kuolewa, utaambiwa unaopendeza. Angalia pedali ya breki imelika kiasi gani, angalia mkanda wa dereva umechakaa vipi. Soma tarehe ya tairi: tarakimu nne ubavuni, 3419 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 2019.

Mwisho, lipe fundi wako, si wake, alinyanyue juu. Mlipe hata kama hununui. Elfu thelathini ya fundi imewahi kuniokolea milioni tisa.

Karatasi gani nidai?

Kadi halisi, na jina lililomo liwe la mtu aliye mbele yako au mwenye barua ya wakili kutoka kwake. Linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani uone kama linadaiwa faini. Bima ihakikishe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, maana stika ya karatasi yeyote anachapisha. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, kisha mbadilishe umiliki TRA mapema. Kuna watu wanaendesha kwa kadi ya jina la mwingine miaka mitatu, halafu yule mwingine anafariki, na warithi hawajui habari ya mkataba wowote.

Fundi anataka kutoa themostati, anasema inaleta joto. Sawa?

Si sawa, na huku kwetu ni kosa mara mbili. Themostati huifungia injini maji mpaka ipate joto lake. Ukiitoa, asubuhi ya Julai hapa Uyole au Makambako injini itatembea ikiwa baridi njia nzima. Itakunywa mafuta zaidi, oili itachakaa upesi, na hita haitapuliza joto. Kama gari linachemka, tatizo liko kwenye rejeta, feni, pampu ya maji au kifuniko. Themostati mbovu inabadilishwa na nyingine.

Huku ni baridi, kiyoyozi cha nini?

Cha ukungu. Ukishuka Isyonje kwenda Tukuyu kwenye mvua za Machi, vioo vya ndani vinajaa mvuke mkawa hamwoni hata lori lenye taa. Kiyoyozi hukausha hewa. Ukiwasha pamoja na hita vioo husafika ndani ya dakika moja. Kwa hiyo kagua vyote viwili. Magari mengi yaliyotoka pwani yamekatwa mabomba ya hita na kuunganishwa njia ya mkato baada ya kuvuja, kwa sababu Dar nani anahitaji joto?

Nikishuka Kitonga au Iwambi na gari la otomatiki nifanyeje?

Shusha lever kwenye 2, na penye mteremko mkali kwenye L, kabla ya kuanza kuteremka. Injini ishike gari, breki uzitumie kwa vipindi vifupi na kuziachia zipoe. Ukikanyaga mfululizo breki zinachemka na pedali inazama. Usiweke N hata kidogo. Wanaosema wanaokoa mafuta kwa N hawajui kwamba injini ikishikwa na gia kwenye mteremko hukata mafuta yenyewe.

Mafuta yatanigharimu kiasi gani kwa mwezi?

Tuseme unatembea kilomita 30 kwa siku, siku 26. Ni kilomita 780. IST kwa mizunguko yetu ya mjini na milima mimi naipata kilomita 13 kwa lita, kwa hiyo lita 60. Lita ikiwa shilingi 3,000 ni laki moja na elfu themanini. Passo ikienda 15 kwa lita ni lita 52, laki moja na hamsini na sita. Tofauti ni elfu ishirini na nne. Usinunue injini ndogo kwa ajili ya hiyo tofauti tu. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta, hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ya Mbeya huwa juu ya ile ya Dar kwa sababu mafuta yamesafiri.

Bima ndogo inatosha?

Kisheria inatosha. Miaka ya karibuni ni shilingi 118,000 kwa gari binafsi pamoja na VAT. Humlipa uliyemgonga, wewe haikulipi. Kama gari ni la mkopo au ni akiba yako yote, kata bima kubwa walau miaka miwili ya kwanza, ndiyo utakayogonga geti la nyumbani.

Nina milioni 10 kamili. Nitafute gari la milioni 10?

La milioni 8 na nusu. Iliyobaki utaihitaji ndani ya miezi miwili: oili na filta zote, kulanti, plagi, pengine tairi mbili, uhamisho wa umiliki, bima. Kila gari la mkononi lina kitu ambacho mwenye nalo alikuwa anakiahirisha, na ndicho kilichomfanya auze.

Niliinue gari kwa kuweka spesa, vile vipande vya kuongezea urefu kwenye shokapu?

Sentimita mbili au tatu, kwa fundi mzuri, sawa. Zaidi ya hapo mashafti yanakaa upande na kuanza kulia, na upepo wa Makambako utalisukuma gari utakapopishana na basi.

Mwalimu, unaweza kuja kunikagulia?

Jumamosi, kuanzia saa moja asubuhi kabla jua halijalipasha gari moto. Tukutane huko huko lilikolala. Njoo na fundi wako, na mwambie muuzaji asiliguse.